Familia ya kwenye sizoni nusura inikoseshe mke Nyantakara

Wakuu, habari za majukumu.

Hii siyo chai. Yamenikuta mwenyewe, na wote waliokuwepo wapo hai.

Mimi Mhangaza wa Rulenge. Mchumba wangu Msukuma, wazazi wake walitoka Shinyanga na ng'ombe zao wakahamia Nyantakara, Biharamulo.

Nikaenda kuposa. Msemaji wetu alikuwa baba mdogo, mgambo mstaafu.

Kwa msiojua: kwetu siku ya posa muoaji hafungui mdomo. Unakaa pembeni umeinamisha kichwa, msemaji anakuombea. Ukiropoka, huna adabu.

Tumefika, shikamoo, marahaba, tukakaribishwa sebuleni. Chakula kwanza, mazungumzo baadaye.

Tatizo TV ilikuwa inawaka.

Ilikuwa sizoni ya majambazi, zile ambazo DJ anatafsiri huku anaongeza ya kwake. Baba anauza madawa ya kulevya. Mama anajua, ananyamaza. Mtoto wa kwanza anamwibia baba. Wa pili anaenda polisi kumchoma baba yake mzazi. Familia ya hovyo kabisa.

Baba mdogo, badala ya kutulia kama mgeni, akapiga paja. "Safi kijana! Mhalifu ni mhalifu tu."

Baba mkwe akageuka taratibu. "Mtoto amfunge baba yake, wewe unasema safi?"

"Kama anauza madawa, afungwe."

"Hayo madawa ndiyo yamemsomesha!"

Wakuu, ugali umeletwa, hakuna aliyenawa. Bibi wa mchumba wangu naye akaingilia, yeye analaumu mama. "Mwanamke gani huyo, nyumba inaungua yeye anapaka kucha rangi?"

Mimi jasho tu. Naona mke anaondoka hivi hivi kwa sababu ya watu ambao hata Biharamulo hawaijui. Roho iliniuma sana.

Baba mdogo akaharibu kabisa. "Hata huyu wetu nimemlea hivyo hivyo!" Akaninyooshea kidole.

Baba mkwe akanikazia macho.

"Kumbe! Nikuozeshe binti, kesho nikikosea kidogo unanipeleka kituoni? Ng'wanawane, mwanangu, sema mwenyewe. Ungekuwa yule kijana ungefanyaje?"

Mtego. Nikisema ningempeleka, mke sina. Nikisema nisingempeleka, namvua nguo baba mdogo ugenini. Halafu sitakiwi hata kuongea!

Nikakohoa.

"Mzee, ningemuuliza kwanza mke wangu."



Bibi akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. "Mpeni mke huyu! Yule wa kwenye TV hana wa kumuuliza, ndiyo maana anakurupuka."

Baba mkwe akalainika, akaomba maji ya kunawa. Baba mdogo naye akanawa, kanuna bado. Posa ikapita.

Sasa tumeoana, tunaishi Ngara mjini. Juzi tunakula, nikamtania wife: siku ile ningekuuliza kweli, ungenijibu nini?

Hata hakuinua kichwa.

"Nisingekujibu. Ningekuwa nimeshafika polisi."

Nilichojifunza: ukienda ukweni, tafuta rimoti kabla ya kutafuta kiti. Na tangu juzi naishi kwa adabu sana humu ndani.

Haya, nyie kwenye ile familia mnamlaumu nani? Tiririkeni.

Na kama baba mkwe unasoma humu, shikamoo mzee. Kaa mbali na makosa, binti yako simuwezi.