Mgongo Wangu na Mwiko wa Mama Mkwe

Daktari wangu wa mgongo nilianza kumjua kwa viatu vyake. Kitanda chake kina tundu la kuweka uso, na ukishalala kifudifudi huoni kingine ila sakafu na viatu vinavyokuzunguka. Vyake vilikuwa vya kahawia, kimoja kimefungwa kamba nyeusi, na pembeni mwa soli palikuwa na udongo mwekundu wa Embu. Vilikwenda hatua tatu upande wa kushoto, vikasimama.

"Vuta pumzi, mama. Sasa itoe."

Nilipoitoa akanibonyeza kwa viganja viwili, na mgongo ukalia kama tawi kavu la kahawa likivunjwa kwa goti. Sikuumia. Nilicheka, maana sauti ilikuwa kubwa kuliko kitendo.

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika ofisi moja mjini Meru, na nyumba yetu iko nje kidogo ya Nkubu. Maumivu yalikuwa chini ya kiuno, upande wa kulia, na yalikuwa yamekaa nami zaidi ya mwaka. Nilipiga picha hospitalini, nikaambiwa hakuna kilichovunjika. Shemeji yangu wa Ruiri akanipeleka kwa mama anayekanda kwa mafuta. Nilitoka nikinukia vizuri, maumivu yakiwa palepale. Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyenitajia huyu kijana wa Embu, aliyesomea kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, bila dawa wala kisu.

Nilikuwa na haraka. Wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yetu wa kwanza baada ya wiki nane, na katika kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, sufuria ya kwanza ya nkima hupondwa na mama mwenye boma. Nkima yetu ni ndizi mbichi, viazi, mahindi na majani ya malenge, vyote vimechemshwa pamoja na kupondwa mpaka vishikane. Sufuria ya sherehe mtoto anaweza kuogea ndani yake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini mama asiyeponda siku ya binti yake huzungumziwa miaka. Najua, kwa sababu kuna mmoja niliyemzungumzia mimi mwenyewe.

"Siwezi kukuahidi," daktari aliniambia siku hiyo ya kwanza. "Nunua daftari. Kila siku andika saa, unafanya nini, na maumivu ni ngapi kwa kumi."

Kuandika ndiyo kazi yangu. Nilipiga mistari kwa rula, nikatenga safu nne. Niliandika kiti cha ofisi, ngazi za ghorofa ya pili, ndoo ya maji, hata kupiga chafya. Nilikwenda Embu kila Ijumaa alasiri, na kila mara nilirudi nikiwa mwepesi. Jumatatu maumivu yalikuwa yamefika ofisini kabla yangu.

Ziara ya nne hakunilaza. Aliketi, akafungua daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Nilifurahi, ni watu wachache wanaosoma safu zangu.

"Mama, Jumamosi unafanya nini?"

"Sifanyi kitu. Sio siku ya kazi."

"Hakuna Jumamosi hata moja hapa."

"Si ndiyo nakwambia? Napumzika."

"Unapumzikia wapi?"

Nikafikiri. "Juzi ilikuwa harusi. Ile nyingine, matanga. Ile nyingine, kumwona mtoto wa jirani."

"Na ukifika huko unapewa kiti?"

"Kiti cha nini? Naponda nkima."

Aliweka kalamu chini. Mimi nawajua watu wa Embu, hawacheki haraka, lakini huyu alicheka mpaka akavua miwani. "Sufuria ngapi?"

"Tatu. Nne kukiwa na watu."

Naapa sikuwa nimemficha. Kwetu, kile unachofanya kwenye shughuli ya mwenzako hakihesabiwi kuwa kazi. Ni kusaidia, na kusaidia hakuna safu kwenye daftari. Alinisimamisha katikati ya chumba, akaniwekea pipa la taka na kunipa mwavuli, akasema niponde. Nikaponda. Alizunguka akiniangalia, akainama kuona magoti yangu.

"Kwa nini unainama hivyo?"

"Mwiko ndivyo ulivyo."

"Ijumaa ijayo uje nao."

Nikaupeleka Embu, umefungwa kwa leso kama mtoto. Ni mwiko wa kupondea, wa mti wa muringa, mweusi kwa miaka mingi ya moshi, ambao mama mkwe alinipa mwaka wa pili wa ndoa yangu, mbele ya wanawake wote wa ukoo. Tangu siku hiyo sijaponda kwa mwingine. Daktari aliusimamisha kando yangu. Haukufika hata kiunoni.

"Mama mkwe ni mrefu kama wewe?"

Nikamwonyesha kwapani. "Ananifika hapa."

Akanirudishia mwiko mkononi. Miaka kumi na tisa nilikuwa nainama kufuata urefu wa mwanamke mwingine, tena kwa mzigo wa viazi. Daktari aliniambia alichoona: anaweza kuufungua mgongo wangu kila Ijumaa, na mimi nitaufunga kila Jumamosi. Nipate mwiko wa kunifika kifuani, nisimame wima, nibadilishe mguu wa mbele, na nikae bila kuponda mpaka siku ya binti.

Kukaa bila kuponda kulikuwa na aibu yake. Wiki tatu niliketi na wasichana tukimenya viazi.

"Mama wa ofisi ameshushwa cheo," mwenyekiti wa kikundi alisema akipita.

"Nimestaafu," nikamjibu.

"Na siku yako utastaafu pia?"

Nikachukua kiazi kingine. Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa mwenyekiti. Ilikuwa namna ya kumwambia mama mkwe kwamba siku ya mjukuu wake wa kwanza, mwiko wake utabaki ukutani. Nilijipangia maneno kama ninayeandika barua ya kuomba likizo. Jumapili moja baada ya kanisa nikamkuta akianika maharagwe, nikachuchumaa, nikayasema yote: daktari, daftari, pipa la taka, kwapa.

Alisikiliza huku akichambua. Halafu akaniuliza, kwa Kimeru, kama daktari huyo ameuangalia mwiko mwishoni, pale juu.

"Hapana, mama."

"Ulete."

Nikauleta. Akakwangua ncha ya mpini kwa ukucha, na chini ya masizi ikatokea alama iliyonyooka, ya msumeno.

"Huu alinipa mama wa baba mkwe wako. Alikuwa mrefu kama nguzo. Mwiko ulinifika kidevuni, nikawa naponda hewa. Miezi mitatu nikavumilia, halafu nikaukata usiku, nikapaka masizi."

"Hakujua?"

"Alijua. Aliuliza kama mvua imeufupisha." Akacheka akishika mbavu. "Na wewe umeinama miaka hii yote! Mimi nilidhani ndivyo unavyopenda."

Fundi wa Nkubu alichonga mpya kwa wiki moja.

Siku ya wageni mama mkwe aliweka kiti cha plastiki karibu na sufuria, akaketi kama mkaguzi. Wanawake wawili waliishikilia kwa magunia, mwenyekiti mmojawapo. Aliutazama mwiko wangu kutoka chini mpaka juu.

"Huu ni mwiko ama mlingoti wa bendera?"

"Ni wa kumfaa anayeutumia," mama mkwe akasema kabla yangu. "Wewe shika sufuria."

Nikaponda. Mguu wa kushoto mbele, kisha wa kulia, mgongo umesimama. Mvuke ulinipiga tumboni badala ya usoni, na kwa mara ya kwanza niliwaona watu nikiwa kazini: binti yangu akichungulia dirishani akiwa amevaa nusu, mume wangu akipanga viti alivyokwisha kuvipanga. Katikati nilipumzika, nikahesabu pumzi kumi, nikaendelea. Mama mkwe alichovya kidole, akaonja, akasema imeshikana. Sufuria ya pili nilimwachia mwenyekiti, na kwa mwiko wangu alikuwa anaponda hewa, mpaka mama mkwe akamtuma mtoto alete ule mfupi.

Jioni, wageni wakiwa wameondoka, nilifungua daftari. Nilipiga mstari na kuandika: Jumamosi, saa tano asubuhi, kuponda, sufuria moja, mbili kwa kumi. Daktari atauliza kwa nini si sifuri. Nitamwambia hizo mbili ni za kucheza ngoma na wakwe baada ya kula.