Mzigo wa Masale

Kwetu Kibosho mtoto wa mwisho ndiye anayerithi nyumba ya wazazi. Wa kwanza hukatiwa shamba lake mapema, na sisi wa katikati huambiwa dunia ni pana. Mimi ni wa katikati. Desturi hiyo niliijua tangu utotoni, lakini kujua kwamba mvua itanyesha si sawa na kulowa.

Nililowa mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda mlimani na pikapu zao. Mdogo wangu alitangaza kwamba anaoa, na kwamba chumba changu kitahitajika. Alisema kwa adabu. Mimi nikajibu bila adabu. Nilimwambia mbele ya mama kwamba alikuwa akinisubiri niondoke kama fisi anavyosubiri mzoga. Tangu siku hiyo hatukusemezana. Kwa miezi minne tulikula mtori wa chungu kimoja, mama akiwa posta yetu. Nikitaka chumvi, namwomba mama amwambie mwanawe anisogezee, na mwanawe yuko hapo hapo, goti lake likigusa langu.

Ukweli ni kwamba sikumchukia. Nilikipenda tu kile kihamba, shamba letu la nyumbani: migomba yenye kivuli hata saa sita mchana, mfereji uliopita nyuma ya jiko, ng'ombe wetu wa ndani waliokula majani tuliyoyabeba kichwani kutoka tambarare. Ningemwambia hivyo, yangeisha. Lakini ulimi wangu ni hodari wa matusi, ukifika kwenye samahani unakuwa mzito.

Nilikuwa nimepata kiwanja Bomang'ombe, kule tambarare, niuze mitumba sokoni. Jumapili ya kuondoka, mama aliingia mpakani mwa shamba na panga, akakata masale mengi, akayafunga kwa kamba ya mgomba.

"Kiwanja kisicho na masale ni pori," akasema. "Kapande."

Kisha akaniagiza nipite barabara ya kanisani, maana njia ya mtoni ilikuwa na tope.

Isale kwetu ni mmea wa mpaka. Tena ni mmea wa toba: ukimkosea mtu, unampelekea jani moja, naye haruhusiwi kukataa kukusamehe. Haya yote niliyajua. Ila siku hiyo kichwa changu kilikuwa kimejaa mambo ya kiwanja, nikatoka na mzigo mzima begani, mithili ya mtu aliyeikosea wilaya nzima.

Misa ndiyo kwanza ilikuwa imetoka. Mzee wa kwanza kukutana naye nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akautazama ule mzigo, akavua kofia. Nilimweleza kwamba ni miche ya kupanda. Akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akageuza njia akanifuata. Akina mama wawili wakaungana naye. Bibi jirani yetu hakuuliza hata swali; alinishika mkono, akasema kwamba walikuwa wameisubiri siku hii tangu kahawa ilipotoa maua. Kumbe kijiji kizima kilijua habari ya chumvi.

Wakanifikisha uwanja wa kanisa, alipokuwa mdogo wangu na mchumba wake. Aliponiona akasogea hatua moja mbele. Watu wakatuzunguka, na mimi nikasimama pale katikati. Ningeweza kusema kweli, kwamba nawahi gari. Nilimtazama usoni, nikaona naye alikuwa amekonda, na nikajua kwamba nikiondoka hivi, kihamba kile nitakuwa nimekipoteza mara mbili. Nikachomoa jani moja, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nilikukosea," nikasema. "Nilikuwa naogopa kuondoka."

Alilipokea. Akautazama mzigo wangu kuanzia juu hadi chini.

"Kaka, yote haya? Mbona ningekusamehe kwa jani moja."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, nami nikacheka hadi nikalia. Mdogo wangu akachukua nusu ya mzigo, akamwambia mchumba wake chakula cha mchana kisimsubiri, tukateremka pamoja hadi Bomang'ombe. Tulipanda masale kwenye jua kali, tukigombana kwa furaha juu ya nani anapinda mstari. Niliona kiwanja kile kwa mara ya kwanza siku hiyo, ingawa nilikuwa nimeshakwenda mara tatu.

Krismasi nilipanda mlimani nikiwa mgeni, na mgeni kwetu hushiba. Shemeji yangu mpya alinipa kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, mdogo wangu akanisogezea chumvi kabla sijaomba. Mama nilimkuta jikoni. Nilimwambia kwamba siku ile ya masale, niliporudi jioni kuchukua godoro langu, nilipita njia ya mtoni, na ilikuwa kavu kabisa.

Mama akaendelea kumenya ndizi.

"Masale yameshika?" akaniuliza.

Nikamwambia yameshika yote.