Mwizi Haimbi Kwanza

Kompyuta ile iliingia dukani kwangu mtaa wa Himbi ndani ya mfuko wa kubebea vitunguu, na aliyeileta alikuwa na haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Aliinunua sokoni Birere kwa mtu asiyemjua, akataka niifute yote na kuiwekea mfumo mpya wa Kifaransa. "Mama, uiformate tu, sitaki kitu ya mutu ndani," akaniambia. Nikaiwasha nione kama inapumua. Kwenye kioo likatokea jina la mwenye mashine, na lilikuwa jina la kaka yangu.

Wanaonifahamu watashangaa kusikia kwamba sikupiga kelele. Nilimwambia mteja kuwa mashine ina virusi vibaya, arudi kesho jioni. Akaniuliza ni fundi gani anayelala na kazi ndogo kama hiyo. Nikamjibu kwamba kama ana haraka, mafundi wamejaa Birere. Akaondoka akisonya. Nikafunga mlango mchana kweupe, nikasimama katikati ya duka nikiliangalia lile jina mpaka kioo kikazimika chenyewe.

Nimesema kaka. Kwa hesabu ya wengine ni binamu, mtoto wa mama mkubwa, dada wa mama yangu. Kwetu sisi ni kaka na yamekwisha. Tulilelewa nyumba moja. Volkano ya kwanza, ile iliyopita katikati ya mji tukiwa bado wanafunzi, ilimeza nyumba hiyo pamoja na ua wake, tukahamia Keshero, na huko ndiko alikokuwa mwalimu wa kwaya. Volkano ya pili ilikuja miaka mingi baadaye. Haikufika mjini kati, lakini ardhi ilitetemeka siku baada ya siku, nyufa zikafunguka barabarani, na mwishowe tukaamriwa kutoka. Sisi tulipitia Sake kwenda Minova. Kaka akasema anapanda kwanza Kibati, mteremkoni mwa volkano, kuangalia shamba la familia, halafu atatufuata. Jirani mmoja alimwona akikanyaga mawe ya volkano yaliyokuwa bado yanafuka moshi, na huo ukawa mwisho wa habari zake na za kompyuta yake. Walikuwapo watu waliokufa namna hiyo, maana mawe yale juu huonekana yamepoa na chini ni moto na hewa ya sumu. Tukamhesabu pamoja nao.

Mama mkubwa peke yake hakukubali. Na katika familia yetu matanga hayaondolewi kama mama mzazi amekataa. Kwa hiyo mke wa kaka, wifi yangu, alikuwa bado ndani ya nguo nyeusi. Zamani alipanda malori akauza vitenge mpaka Butembo, akirudi na hadithi za kutuvunja mbavu. Sasa alikaa uani kwa mama mkubwa, haruhusiwi kusafiri, haruhusiwi kuolewa, na akicheka anaziba mdomo wazee wasije wakasema. Mara mbili familia ilikutana kumtoa katika hali hiyo, na mara mbili mama mkubwa akasimama akasema, "Munionyeshe mufupa yake, hata moya tu." Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yake kaka, alikuwa ametoka Butembo kwa kuzungukia Uganda na Rwanda, kwa sababu waasi walikuwa wameikata barabara ya Rutshuru kule Rumangabo. Mzee hasafiri hivyo kuja kusalimia. Alikuja kumaliza.

Kutengeneza mashine ndiyo kazi inayonilisha, lakini ipo nyingine ambayo maofisi ya Himbi huniitia kwa sauti ya chini: kuisoma kompyuta. Ofisini wamegombana, kila mtu anasema si mimi, basi naitwa. Kompyuta huweka kumbukumbu ambazo wanaoitumia hawazijui. Moja ni ya mashine yenyewe: programu gani iliamka na lini, hata kama iliamka bila mtu pale umeme uliporudi. Nyingine ni ya mkono: programu gani mtu aliibonyeza, mara ngapi, na mara ya mwisho lini. Ukiiondoa programu, alama zake mara nyingi hubaki. Ni kama sentineli wa getini, anayejua nani aliingia na alitoka saa ngapi, lakini hajui kilichosemwa sebuleni. Wakubwa wengi humtaka sentineli aseme na ya sebuleni, na hapo ndipo wanapowafukuza wasio na hatia.

Kwanza nilinakili diski nzima, kwa kuwa mashine ukiisoma huku inatembea unazikanyaga alama zake kwa miguu yako mwenyewe, na mimi tayari nilishakanyaga baadhi kwa kuiwasha. Kunakili kunataka subira, na subira sikuumbiwa. Nikafagia duka. Nikalifagia tena. Upande wa Kibumba mizinga ilikuwa inanguruma, na barabarani pikipiki zilipita zimebeba magodoro na kuku. Jirani wa duka la simu akagonga kuuliza kama nami nafunga nikimbie. Nikamjibu vibaya, maskini, alikuwa ananitakia mema. Kila nikiketi nasimama. Nilitaka kumpigia wifi, nikashika simu, nikaiweka chini kwa sababu sikujua nitaanza na neno gani.

Mwisho nikafungua zile kumbukumbu. Programu ya kuandikia noti za nyimbo haikuwamo tena ndani ya mashine. Palibaki alama yake tu. Na alama ilisema kwamba mara ya mwisho ilifunguliwa wiki nzima baada ya jirani kumwona kaka juu ya mawe ya moto.

Nikaisoma ile tarehe mara ya pili. Kisha nikajigombeza: mwanamke, tulia. Mji ulikuwa mtupu wakati ule, wezi waliingia Keshero nyumba hadi nyumba. Mwizi amebeba mashine, amebonyeza huku na huku, amekuta programu ya watu wa kanisa, ameing'oa apate nafasi ya filamu zake. Hiyo ni habari inayotosha kabisa, na ofisini ningeiandika hivyo nikaenda kula. Nikaangalia pia saa ya mashine, maana hapa kwetu umeme hukatika mpaka kompyuta zinasahau mwaka. Ya hii ilikuwa imelinganishwa na mtandao siku chache tu kabla ya tarehe hiyo. Tarehe ilikuwa ya kweli.

Kilichonikataza kwenda kula ni mpangilio. Asubuhi ile kilifunguliwa kwanza kinasa sauti. Kisha programu ya noti. Kisha ile ya kufunga mafaili kuwa kifurushi kimoja. Kisha mkono ukaenda pale pa kuondolea programu, ukaiondoa ile ya noti na kuacha nyingine zote. Nikarudi nyuma mpaka kabla ya volkano, kwenye mara chache zilizokuwa bado zimehifadhiwa: kinasa sauti, noti, kinasa sauti, noti. Kaka ndivyo alivyotunga. Hakuandika wimbo kabla ya kujirekodi akiuimba, na mimi nilimcheka sana kwa hilo, nikimwambia ni sawa na mtu anayekula kabla ya kupika. Sauti ya asubuhi ile niliitafuta ndani ya diski kwa kila njia ninayoijua. Juu yake palikuwa pameandikwa filamu za watu wanaopigana mateke.

Basi alivuka mawe yale akiwa mzima. Alipata mahali pa kukaa, akatunga wimbo, akafungasha nyimbo zake, akaondoa kilichokuwa chake, akauza mashine akaenda. Jina lake tu ndilo alilosahau mlangoni, kama wanavyosahau wote.

Nitasema wazi kwamba furaha haikuja kwanza. Ilikuja hasira. Sisi tulikuwa Minova tumelala kanisani juu ya mikeka, mama mkubwa hali chakula, wifi anampigia simu iliyozimwa mpaka kidole kinamuuma, na yeye anaimba! Labda kuna waliokuwa wanamtafuta. Katika mji unaobadilisha wakubwa kama wetu hilo si jambo la ajabu, na mtu akiwindwa huwaficha hata wa nyumbani. Labda alituchoka tu. Kumbukumbu hazisemi. Nilizunguka duka lile nikizungumza na kompyuta kama kichaa, nikaipiga kofi, nikaiomba radhi.

Halafu ikaja hofu ya Jumamosi. Nikinyamaza, baba mdogo atamshinda mama mkubwa safari hii, matanga yataondoka, wifi atavua nguo nyeusi na kurudi kwenye malori yake. Nikisema, mama mkubwa atakuwa na alichokitafuta, na mwanamke yule atazeekea uani akimngoja mtu aliyeondoka kwa hiari yake. Nilimpenda wifi. Niliamua kunyamaza, nikaamua kusema, nikaamua kunyamaza. Mteja alipofuata mashine yake nilimdanganya imekufa, nikamlipa na matusi yake nikayapokea, na bado nilikuwa sijaamua.

Jumamosi tulikaa uani Keshero, viti vya kuazima, chai ya maziwa mezani, ardhi ikitikisika kidogo mara moja moja na hakuna aliyejali. Baba mdogo akaomba, akakohoa, akaanza maneno yake ya kumaliza. Wifi alikuwa nyuma karibu na jiko, macho chini. Nilipanga kuangalia miguu yangu mpaka yaishe. Lakini mzee akafika mahali pa kusema, "Mutoto yetu alikufa kwa moto, na Mungu alimupokea," na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema hakufa kwa moto. Nikasema yote.

Baba mdogo alikuwa mwalimu kabla ya kustaafu, na aliniuliza kama anayesahihisha mtihani.

"Mutoto, hiyo mashini iliona sura yake?"

"Hapana, muzee. Haionake sura. Inaonaka tu kama mukono ilibonyeza."

"Donc basi inaweza kuwa mukono ya mutu yoyote."

"Inaweza," nikasema, kwa sababu ndiyo kweli, na kwa sababu nilikuwa natafuta mlango wa kurudisha maneno yangu.

Mama mkubwa hakuwa amemtazama mtu. Alikuwa anachambua maharage ndani ya ungo, kazi anayoifanya akitaka watu wadhani hasikii.

"Alifungua nini ya kwanza?" akaniuliza.

"Ya kurekodi sauti, mama mukubwa."

"Na nyuma yake?"

"Ya noti."

Akaendelea kuchambua kidogo. "Mwizi haimbake kwanza," akasema.

Baba mdogo akachukua kofia yake. Sikumlaumu, mipaka mitatu amevuka, na sasa mwanamke huyu amepewa sababu ya kukataa mpaka kiama. Nilimwangalia wifi nikatamani ardhi ipasuke pale pale nilipokaa. Uso wake haukuwa na kitu. Alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria na hakukumbuka kukiweka chini.

"Kaa, shemeji," mama mkubwa akamwambia mzee. "Bado sijasema."

Akaweka ungo pembeni, akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Mimi nilikatala juu moyoni nilimuona yuko njiani. Nilisema, mutoto yangu atafika amechoka, akute tumekwisha kumuzika? Nikamufungia muke yake hapa amungoye pamoja na mimi." Akakinyoosha kitenge magotini. "Kumbe hakukuwa njiani. Alikuwa na miguu, alikuwa na sauti, akaenda. Mungu amuchunge kule iko. Lakini mutu mwenye alienda ye mwenyewe, hatumufungie mutoto ya watu nyumbani."

Baba mdogo akaanza kusema kwamba matanga ni ya marehemu, na kama hakuna marehemu, kwa desturi basi... Mama mkubwa akamkata.

"Desturi ni mimi nilikuwa naizuia. Leo naiachilia."

Akageuka kwa wifi. "Njo hapa, mama. Umevaa nyeusi juu ya mutu mwenye anaimba. Iko sawa hiyo?"

Wifi akaja. Mama mkubwa akanyanyua mikono yake yenye vumbi la maharage, akaanza kumfungua kile kitambaa cheusi kichwani, na fundo lilikuwa limekaza, ikambidi atumie meno. Siku tuliyomwambia mumewe amekufa, wifi hakulia mbele yetu hata chozi moja. Sasa alilia. Alilia kwa sauti kubwa, kilio cha msiba, hata majirani wakaja ukutani kuuliza nani amekufa.