Mechi Tatu za Mwisho wa Msimu

Sisi tuliosoma Nakuru enzi zile tunajuana kwa vumbi. Lilikuwa jeupe na laini kama unga wa ngano, likishuka kutoka upande wa mlima Menengai kila Januari na kuingia kwenye soksi, kwenye madaftari, hadi kwenye uji wa saa nne. Mama akifua sare zetu Jumamosi, maji ya kwanza ya beseni yalitoka rangi ya chai ya maziwa. Na bado tulirudi humo humo. Tulicheza kati, aliye katikati akikwepa mpira wa makaratasi ya nailoni, tukaruka bladha, ile kamba ya mpira, hadi miguu ikakataa, na mtaa mzima ulijua jina la kila mtoto kwa sababu mama yake alikuwa akiliita kutoka mlangoni.

"Rispa, hiyo ngozi ya magoti haiuzwi dukani," mama alizoea kuniambia.

Nilipofika kidato cha pili, nikawa kipa wa timu ya magongo ya shule yetu, shule ya kutwa ya wasichana kando ya barabara ya kwenda Njoro. Sikuchaguliwa kwa uhodari. Kipa aliyekuwepo alihama, na Madam Auma, mwalimu wa jiografia ambaye ndiye alikuwa kocha wetu, akauliza darasani ni nani haogopi mpira. Nikainua mkono kwa sababu nilikuwa sijawahi kuushika mpira wenyewe. Kumbe ni mgumu kama jiwe. Pedi zangu za miguu zilikuwa godoro kuukuu lililokatwa na kushonewa gunia, na magongo yetu mengi yalikuwa yamezungushiwa tyubu ya baiskeli pale yalipopasuka.

Muhula huo tulifungwa na kila mtu. Tulifungwa Molo ndani ya ukungu, ambako mpira niliuona ukiwa tayari umenipita. Tulifungwa Njoro, upepo wa mashamba ya ngano ukitupiga usoni. Tulifungwa hata nyumbani. Mechi saba, hatukupata hata sare moja. Wasichana wakaniita Mlango Wazi. Mpishi wa shule, akinipakulia githeri, aliniuliza kama leo nimekumbuka kufunga.

Nahodha wetu alikuwa Chepkoech wa kidato cha nne, msichana wa Kuresoi aliyekaa mjini kwa shangazi yake. Mabega yake yalikuwa yamekomazwa na magunia ya viazi, na sikuwahi kumsikia akimgombeza mtu. Tukishafungwa, aliokota magongo yote, akayahesabu, akayabeba mwenyewe hadi stoo.

Zilipobaki mechi tatu, tulikuwa mkiani, na hata tukizishinda zote tungebaki hapo hapo. Wengine wakaacha kuja mazoezini. Madam Auma hakubembeleza mtu. "Anayetaka kukaa nyumbani akae," alisema. "Mimi saa kumi nitakuwa hapa."

Mechi ya kwanza kati ya hizo tatu ilikuwa nyumbani. Nilikuwa nafunga pedi niliposimama ghafla. Baba yangu alikuwa amesimama kando ya ua, kofia mkononi, ndani ya ovaroli yake ya buluu. Baba alifanya kazi kiwanda cha sabuni na alirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni akinukia vizuri kuliko sisi sote. Shuleni hakuwa amewahi kuja, hata siku ya wazazi. Niliogopa kufungwa mbele yake kiasi kwamba kila mpira uliokuja niliutupia mwili. Tukashinda moja bila. Baba hakupiga makofi. Aliinua kofia mara moja, akairudisha kichwani.

Tulitembea pamoja kurudi nyumbani.

"Huo mpira ni mgumu?" aliniuliza.

"Ni mgumu, Baba."

"Na unauzuia na mwili?"

"Ikibidi."

Akaiweka kofia yake sawa. "Haya," akasema.

Wiki iliyofuata alikuja tena, na tukashinda mbili kwa moja. Nikawaambia wenzangu kwamba baba yangu ana bahati. Kaka yangu Wafula, ambaye alijua kila kitu kuhusu michezo bila kucheza wowote, alinicheka tukiwa mezani. "Mnashinda sasa, na mashindano yameisha? Hiyo ni kufagia nyumba wageni wakishaenda."

Baba alikuwa akimega ugali. "Na nyumba si inakuwa safi?" akamuuliza.

Mechi ya mwisho tuliichezea kwa viongozi wa msimu, shule ya bweni upande wa pili wa mji yenye uwanja wa nyasi zilizokatwa vizuri. Baba alifika kwa miguu, viatu vimejaa udongo. Chepkoech alifunga bao kipindi cha pili, na dakika za mwisho mpira wa penalti kona, ile adhabu inayopigwa kutoka kando ya goli, ukanipiga kifuani, nikaanguka juu yake. Nilisikia filimbi nikiwa chini nimelala. Moja bila. Tuliimba hadi Madam Auma, mtu wa kujizuia, akavua kitambaa chake cha kichwa akakipunga.

Kisha mwalimu wa michezo wa wenyeji akaja kutupa mkono. Hakuwa na ubaya wowote. "Hongereni," alisema. "Wasichana wangu sita nimewapumzisha, wiki ijayo wanaenda mashindano ya mkoa."

Wimbo ulikatikia hapo. Tulipokuwa tukitoka getini nilimuuliza Chepkoech kama basi hatukuwa tumeshinda.

"Mimi nimecheza na wale walikuwa uwanjani," alinijibu. "Wale wengine sikuwaona."

Baada ya hatua chache akaanza kulia, magongo yakiwa begani. Hakuna aliyemuuliza sababu. Alikuwa kidato cha nne, na ile ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho.

Jumamosi hiyo mama alikuwa akifua. Aliinua ovaroli ya Baba, akainusa, akainusa tena.

"Baba Wafula, hii nguo haina harufu ya kiwanda," alisema. "Unaenda wapi kila siku?"

Baba aliweka kikombe chini. Akasema polepole kwamba sehemu yake kiwandani ilikuwa imefungwa, mwezi sasa. Hakujua atuambie vipi. "Asubuhi naenda kutafuta kibarua. Mchana nakosa pahali pa kushinda. Siku moja nikapita, nikaona watoto wanacheza."

Nilikuwa mtoto, na mtoto hujifikiria kwanza. Sikumwonea huruma. Nilichosikia ni kwamba hakuja kwa sababu yangu. Nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia. Baadaye akanifuata, akakaa chini kando yangu bila kujali vumbi.

"Siku ya kwanza nilikuwa napita," alisema. "Hizo mbili nilikuja."

Nilichora mstari vumbini kwa kidole.

"Mwezi huu nimekuwa na siku tatu nzuri, Rispa. Ni hizo tu."

Haukupita muda akapata kazi shamba la maua kule Kamere, akawa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mwaka uliofuata timu yetu ilifanya vizuri, tukashika nafasi ya tatu, na hakuna aliyeniita Mlango Wazi tena. Baba hakuona hata mechi moja kati ya hizo. Sasa ametutoka, na uwanja wetu umejengwa ghorofa. Watu wanaanika nguo pale nilipokuwa nikilinda goli.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Anajua majina ya wachezaji wa ng'ambo, wameumia wapi na watapona lini, na ndugu yake anaweza kukutajia timu iliyo mkiani katika nchi asiyoweza kuionyesha kwenye ramani. Nilipomsimulia habari hizi, alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

"Sasa, mathe, hizo points ziliwapeleka wapi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba hazikutupeleka popote. Akatikisa kichwa kwa kunihurumia.

Enzi zetu hatukuwa na msimamo wa ligi mfukoni. Tulijua ni nani amekuja kutuona, na mara nyingi hakuwepo mtu. Watoto wetu wanatazamwa kwenye simu na watu wasiowajua, na mimi mwenyewe, nakiri, sijaenda kusimama kando ya uwanja wa mtu yeyote mwaka huu. Ningeambiwa leo nichague pa kurudi, nisingeuchagua ule mwaka wa nafasi ya tatu. Ningerudi kwenye zile wiki tatu tukiwa mkiani kabisa, nikifunga pedi za godoro, huku nageuka kila mara kuangalia kama Baba amefika.