Sahani Iliyorudi Tupu

Harufu ya iliki na tui la nazi imetangulia hodi. Mlangoni amesimama mjukuu wa bibi wa nyumba ya pili, ameshika sahani ya mkate wa sinia iliyofunikwa kitambaa. "Bibi amewaletea futari."

Hapo mawazo yakanirudisha uchochoro huu huu wa Kibokoni, Ramadhani ya utotoni, nyanya yangu akipanga makaa juu ya kifuniko ili mkate uive juu na chini, jasho likimtiririka. Alizaliwa mashambani, akaolewa mjini, akatulea sote kwa mikono ile. Kipande cha kwanza kilikuwa cha jirani, na mimi ndiye niliyetumwa.

Jirani, bibi wa mtoto huyu, siku hizo bi harusi mpya, alikuwa na wageni. Akafunua, akacheka. "Mwambie nyanyako hatuli vya watu wa kuja." Akawamwagia kuku mbele ya macho yangu, akanirudishia sahani tupu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata ndimu mbili hutiwa.

Nyanya aliifuta kwa ncha ya leso. "Nyamaza, mwanangu. Adhana hiyo, tufuturu." Alisamehe mpaka akazikwa. Mimi sikusamehe.

Leo mkate wake nimewamwagia paka wa uchochoroni. Nimeiosha sahani, nimeikausha. Mezani bakuli la tende limejaa. Sikutia hata moja sahanini. Mtoto ameichungulia sahani, akanitazama.

"Mpe bibi yako mkononi," nimemwambia. "Haoni siku hizi, lakini atapapasa."