Sikio la Afande Kidega

Naguru yote, kuanzia kambi ya polisi hadi maduka ya juu, hakuna aliyethubutu kukohoa Afande Kidega akisikiliza injini. Redio zilizimwa. Akina mama waliacha kutwanga. Yeye alishika bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini kwenye sikio, macho kayafumba kama askofu, kisha akatangaza: "Plagi ya tatu." Na ikawa ya tatu. Cheka tu, wewe unayempelekea fundi wa kompyuta gari lako. Miaka thelathini na moja alitengeneza magari ya polisi, na mpaka leo, mstaafu wa miaka sitini na tatu, bado ni afande. Na afande hasahihishwi. Akipotea njia, unamfuata mpaka mtoni, mnalowa wote, halafu unampigia saluti.

Sasa, sikio lenyewe. Tangu mwaka jana ndege walikuwa wameacha kuimba Naguru. Kidega aliliona hilo na sababu alikuwa nayo: moshi wa bodaboda umewafukuza, wamehamia Luzira, ziwani. Akwero, mkewe, aliyasikiliza maelezo hayo huku ndege wakipigana makelele juu ya bati. Akanyamaza. Alinyamaza pia siku ile birika la filimbi lilipolia mpaka likakauka, na mumewe ameketi hatua mbili kando, anasoma gazeti. Sauti nene alizipata bado: malori, milango, matusi. Nyembamba ndizo zilizomhama, moja moja, bila kuaga.

Jumanne moja asubuhi akaja Owuor, Mkenya mchomeleaji wa milango, na mkewe Phelister, katika pikapu yao ya mwaka themanini na mbili, ile ya kabureta. Nyuma wamepakia milango sita ya chuma inayongojwa Nakivubo. Pikapu ikitembea, haina neno. Ikisimama tu, inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, inakohoa, inazimika.

"Jambo, afande," Owuor akasema. "Hii mzee imekataa sailensa, kunguruma polepole haitaki. Nikisimama kwa taa, inakufa."

"Imekufa, na umekuja umeipanda? Wewe Mkenya ni mchawi. Washa!"

Owuor akacheka, akawasha. "Na tena afande, breki nayo imekuwa ngumu, mpaka..."

"Shhh! Nitibu ugonjwa mmoja kwanza." Bisibisi ilikuwa tayari sikioni.

Uwanja wa nyumba ukatulia. Phelister, aliyesimama karibu na tairi, akasikia kitu kinafoka nyuma ya injini, ssss, kama nyoka ndani ya gunia. Owuor alipokanyaga breki, mfoko ule ukapanda na injini ikainama, karibu izime. Phelister akafungua mdomo. Watu wakamkazia macho. Akaufunga.

Kidega hakusikia chochote. Silinda zote nne zilimjia kwa mbali, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Akahamisha bisibisi, akahamisha tena. Kwa mara ya kwanza katika uwanja wake afande hakutangaza kitu.

Basi akafanya kazi ya mikono. Akafungua plagi, akazisugua. Akafungua kabureta, akazipuliza jeti, vile vitundu vya petroli, mpaka mashavu yakamvimba. Bado pikapu inatetemeka. Akaizungusha skrubu ya kuchanganya hewa na petroli, nusu raundi, raundi nzima. Injini haikujali. Fundi yeyote anajua maana yake: kuna hewa ya wizi inaingia mahali. Na hewa ya wizi haijifichi, hupiga filimbi. Kidega akainama, akatega sikio, akangoja. Kimya.

Watu wanatazama. Angesema nini?

Akafanya lile alilokuwa akiwatukania mafundi wengine: akakaza skrubu ya pili na kupandisha mwendo wa injini. Ni kama kumpa mgonjwa pombe ya waragi, atacheza lakini hajapona. Pikapu ikanguruma kwa nguvu, mtetemeko ukapotea.

"Nendeni," akasema, bila kuwatazama. "Nakivubo wakiuliza, semeni Kidega."

Waliposhika njia ya mteremkoni, Akwero akaleta chai. Akasema kwa sauti kubwa, kama alivyozoea siku hizi: "Kile kilichofoka umekiziba?"

"Kilichofoka nini?"

"Si kile kilichozidi akikanyaga breki? Nimekisikia mpaka jikoni, nikajua na wewe..." Akakomea hapo.

Kikombe kikabaki hewani. Katika gari kama lile, injini ndiyo huvuta hewa ya kuisaidia breki. Bomba lake likipasuka, injini hutetemeka na breki huwa jiwe. Owuor alimwambia ni ngumu. Owuor alimwambia! Na yeye ameipandisha injini iwasukume. Mteremko wote ule, na milango sita mgongoni.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akarukia nyuma ya bodaboda ya Nasif, aliyeegesha pale. "Mteremkoni! Fukuza!"

Waliikuta kwenye kona ya kwanza. Taa za breki zilikuwa zinawaka nyekundu, na gari halipungui. Owuor alikuwa amesimama wima juu ya pedali, kichwa kimegusa paa. Phelister ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Gia!" Kidega akanguruma, bodaboda ikiwa ubavuni. "Rudisha gia! Ya kwanza! Lisukume ukutani!"

Gari likalia, likasugua ukuta wa udongo kwa urefu wa nyumba nzima, mlango mmoja wa chuma ukaruka barabarani, kisha likasimama.

Kidega akafungua boneti, injini ingali inanguruma. Akakilamba kitanga cha mkono wake, akakipitisha taratibu kwenye bomba la mpira linalokwenda kwenye breki. Upande wa chini, pasipoonekana, kitu kikamnyonya ngozi, baridi, kama mdomo wa mtoto.

"Hapa," akasema.

Nyuma yake Phelister akauliza kwa upole, "Afande, hukusikia, sivyo?"

Hakugeuka. Phelister akauliza tena. Owuor na Nasif wakatazamana, na mgongo wa afande ukabaki umeinama vilevile.

Alipoinua kichwa aliona waya za umeme juu ya barabara. Zimejaa ndege. Midomo yao ilikuwa inafunguka na kufungika, inafunguka na kufungika.

Kisha akatoa bisibisi mfukoni, akamnyooshea Phelister, mpini mbele.

"Shika, mama. Tuizime; nikishaliziba bomba, Owuor atawasha. Wewe utasikiliza. Halafu uniambie. Kwa nguvu."