Ubao wa Vidole Vinne

Juzi muuzaji wa mbao pale mtaa wa Shari alinishauri nitumie triplex, zile mbao nyembamba za kugandishwa, kwa meza ya kazi ya gereji yangu. Nina diploma ya ufundi wa magari kutoka Kampala, na gereji nimeijenga kwa jasho langu. Sikuhitaji ushauri wake. Lakini nilinusa libuyu, ule mti mwekundu, nikamkumbuka baba.

Alikuwa seremala katika mtaa wa Nyakasanza. Alasiri moja ya vita, nikiwa mtoto kitandani na homa, milio ya bunduki ilikaribia, na majirani wakapita mbio na magodoro kichwani. Baba aling'oa ubao wa juu wa meza yake ya kazi, akaweka vidole vinne kwenye ukingo. Nilidhani anauaga.

“Baba Neema, batu banakimbia, weye unabomoa meza?” mama alifoka.

“Neema iko na homa, tutamubeba mpaka wapi? Godoro haizuie risasi.”

Aliusimamisha ubao kati ya kitanda changu na dirisha. Nilinuna kwa sababu ulinizibia mwanga. Asubuhi risasi mbili zilikuwa zimekwama ndani yake.

Leo najua alikuwa anapima unene. Juzi pale Shari nilichagua libuyu, nikaweka vidole vyangu ukingoni. Ni vyembamba kuliko vya baba, basi nikaongeza cha tano.